Pesa za neti ni pesa za saratani

Kaunti zetu zinapopanga bajeti ya afya, malaria huwekwa katika ukurasa wake na saratani katika ukurasa wake. Malaria ina maafisa wake, wafadhili wake na semina zake; saratani nayo vivyo hivyo. Huku kwetu Kenya, kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Busia na Siaya hadi Kisumu, Homa Bay na Migori, mgawanyo huo una kasoro kubwa, na wanaoumia ni watoto. Limfoma ya Burkitt, ile saratani inayovimbisha taya au tumbo la mtoto na kuongezeka ukubwa mithili ya unga uliotiwa hamira, hutokana na virusi na malaria vikishirikiana. Virusi hatuna namna ya kuvizuia leo. Malaria tunayo namna ya kuizuia. Kwa hiyo shilingi inayonunua neti ya mtoto mchanga wa Ahero au Bondo ni shilingi ya kuzuia saratani, na anayeikata anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Habari za Denis Burkitt mwenyewe nitazipitia haraka. Alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye kidogo, huko Jinja, akamwona mwingine wa namna hiyohiyo. Mwaka 1958 akachapisha alichokiona, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakafunga safari ya gari ya maili 10,000 hivi kupitia Afrika Mashariki na Kati, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama watoto hao wameonekana hapo. Ramani waliyoipata ilifuata joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ugonjwa ulipotea. Kwenye mabonde na kingo za maziwa ukajaa. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo kwa hadubini ya elektroni. Hivyo ndivyo virusi vya Epstein-Barr vilivyopata jina, na ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Fumbo likabaki palepale. Virusi hivi viko duniani kote. Karibu kila mtu mzima anavyo mwilini na atakufa navyo, wala havimsumbui. Huambukizwa kwa mate. Ulaya na Marekani wengi huvipata wakiwa wakubwa kidogo, na baadhi ya vijana huugua homa ya tezi kwa wiki kadhaa kisha wakapona. Kwa nini basi virusi vilevile viwe saratani kwa mtoto wa Nyakach?

Swali hilo ndilo lililowaleta Kisumu watafiti kama Rosemary Rochford na Ann Moormann kutoka Marekani, wakishirikiana na wataalamu wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian, barabara ya kwenda Busia, akiwemo Peter Odada Sumba na John Michael Ong'echa. Na hawakuanza na maabara peke yake. Watoto wenyewe walikuwa wodini, katika ile hospitali ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na ambayo sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Humo Dkt. Juliana Otieno, daktari wa watoto, aliwatibu kwa miaka mingi huku akiwa mshirika wa utafiti. Nalisisitiza hilo kwa sababu tunapozungumzia sayansi ya Kisumu huwa tunawataja waliotoka mbali, tukamsahau aliyekuwa akimtafutia mtoto dripu saa nane za usiku.

Mbinu yao ilikuwa rahisi kueleweka, na uzuri wake uko hapo. Walichukua jamii mbili zilizo jirani: watoto wa nyanda za chini za Kisumu, ambako mbu wa malaria wapo mwaka mzima, na watoto wa Nandi, kule juu kwenye baridi, ambako malaria huja kwa msimu na kuondoka. Ni mwendo wa saa chache kwa matatu, lakini kwa mbu ni dunia mbili. Limfoma ya Burkitt ni ya kawaida zaidi Kisumu kuliko Nandi. Utafiti mwingine uliohesabu wagonjwa wa Kenya nzima kati ya 1988 na 1997 ulikuwa umeonyesha picha hiyohiyo: eneo la ziwa lilikuwa na kiwango cha karibu mara tatu ya kile cha maeneo yenye malaria kidogo.

Mwaka 2005 kundi la Moormann na Rochford likachapisha kwamba watoto wadogo wa Kisumu walikuwa na virusi vingi zaidi damuni kuliko wenzao wa Nandi, hasa wale wa mwaka mmoja hadi minne. Kisha wakarudi nyuma zaidi. Waliwafuatilia watoto wachanga tangu mwezi wa kwanza, wakipima damu mara kwa mara ili waone virusi vinaingia lini. Matokeo yalitoka mwaka 2012: mtoto wa Kisumu alikuwa anaambukizwa akiwa na miezi saba hivi kwa wastani, mapema kuliko wa Nandi, na zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Kisumu walikuwa wameshaambukizwa kabla ya kutimiza miezi sita. Walioambukizwa mapema hivyo walishindwa kuvidhibiti virusi. Viliendelea kuonekana damuni kwa wingi, mwezi baada ya mwezi.

Hebu tutue hapo. Miezi sita ni umri ambao mtoto ndiyo kwanza anaonjeshwa uji. Mlango wa saratani itakayomwangusha akiwa darasa la kwanza unafunguliwa wakati huo, na kinachousukuma, kadiri tunavyojua, ni malaria: ya kwake na ya mama yake.

Ya mama yake kwa namna gani? Watafiti haohao waligundua kwamba mjamzito anayeugua malaria huku kwetu huwa na virusi vya Epstein-Barr vilivyoamka damuni mwake. Virusi hivyo, ambavyo kwa kawaida hulala ndani ya chembe za kinga, huanza kuzaliana upya. Wakavikuta pia katika maziwa ya mama, hasa wiki za mwanzo baada ya kujifungua, vikiwa hai na vyenye uwezo wa kuambukiza. Nimewahi kusikia mtu akieleza matokeo haya kana kwamba yanasema mama asinyonyeshe. Hayasemi hivyo hata kidogo. Kunyonyesha kunaokoa maisha ya watoto wengi kuliko ambavyo saratani hii itawahi kuchukua. Yanachosema ni kwamba vile vidonge vya kuzuia malaria vinavyomezwa kliniki na wajawazito wa kanda ya ziwa na Pwani, na ile neti anayopewa mama siku ya kwanza ya kliniki, vinafanya kazi kubwa kuliko tunavyoandika kwenye mabango.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Virusi hujificha katika aina ya chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinazichokoza chembe hizohizo zizaliane kwa wingi. Chembe B zinapotengeneza kingamwili bora huwa zinakata na kuunga upya vinasaba vyao wenyewe kwa kimeng'enya maalumu; malaria ya mara kwa mara huongeza ukataji huo. Mara moja moja mkato hukosea. Kipande cha kromosomu namba 8 chenye kinasaba kiitwacho MYC, kinachoamuru chembe igawanyike, huunganishwa na kromosomu namba 14, mahali ambapo daima pana kelele ya kazi. Kuanzia hapo amri ya kugawanyika haizimiki. Chembe ya kawaida iliyokosewa hivyo ingejiua. Virusi vinaizuia isife. Walinzi waliopaswa kuiona, yaani zile chembe za kinga zinazowinda virusi, Moormann na wenzake waliwakuta wakiwa dhaifu kwa watoto wenye Burkitt, hasa dhidi ya protini moja ya virusi iitwayo EBNA1. Protini hiyo ndiyo karibu pekee ambayo uvimbe bado unaionyesha.

Kuna hoja ya kupinga, na ni ya uzito. Mtu anaweza kusema: kuona malaria na saratani mahali pamoja hakuthibitishi kwamba moja huleta nyingine. Na jaribio moja la kupunguza malaria ili kuona kama Burkitt itapungua lilifanyika jirani kabisa na sisi, North Mara nchini Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto walio chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini, dawa ya malaria, mara kwa mara. Burkitt ilipungua katika miaka hiyo, kisha ikapanda tena dawa ziliposimamishwa. Lakini ilikuwa imeshaanza kushuka kabla ya dawa kuanza kugawiwa, na usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini uliharibu jaribio lenyewe katikati. Kwa hiyo waliolifanya hawakuweza kupiga ngoma.

Kwangu mimi ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka kwingine. Utafiti mkubwa uitwao EMBLEM, ulioendeshwa Kenya, Uganda na Tanzania na kuongozwa na Sam Mbulaiteye, daktari mzaliwa wa Uganda aliye katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, uliangalia watoto waliorithi kinasaba cha selimundu, ule ugonjwa wa damu, kutoka kwa mzazi mmoja tu. Hao hawaugui selimundu, ila wanakingwa dhidi ya malaria kali. Ikaonekana kwamba hawapati Burkitt kwa kiwango sawa na wenzao. Hatari yao iko chini. Mtoto hachagui kinasaba kwa sababu ya umaskini wa wazazi, umbali wa zahanati au aina ya nyumba. Anazaliwa nacho. Kama kukingwa na malaria kwa kinasaba cha kuzaliwa nacho kunapunguza saratani hii, basi malaria imo ndani ya chanzo chake.

Sasa tuangalie mtoto anavyofika hospitalini, kwa maana huko ndiko gharama ya kutozuia inapoonekana. Dalili ya kwanza mara nyingi ni jino. Magego yanalegea kwa mtoto wa miaka mitano au sita, umri ambao meno ya kulegea hayamshtui mzazi yeyote. Halafu shavu linajaa. Zahanati inampa antibiotiki ya jipu la jino. Wiki ijayo jino linang'olewa, na pengo haliponi. Nyama laini inachomoza hapo. Jicho linaanza kusukumwa nje. Kufikia hapo jamaa wengine wameshataja kijicho cha majirani, na siku zinakwenda. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kukua kwa kasi kuliko huo. Mtoto aliyeonekana mzima Jumapili kanisani anaweza kushindwa kumeza Jumapili inayofuata. Na wale ambao uvimbe uko tumboni hawana hata jino la kuwaonya wazazi. Mama anafikiri ni minyoo.

Jambo la uchungu ni kwamba saratani hii inatibika. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba dawa ya saiklofosfamaidi, hata dozi chache, inaweza kuyeyusha taya lililovimba kwa siku kadhaa. Katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao kwa mbali, na sababu hazihusu dawa peke yake. Mtoto hufika akiwa amechelewa. Uvimbe mkubwa ukivunjika ghafla kwa kemotherapi humwaga uchafu mwingi damuni na figo zinaweza kusimama, hivyo anahitaji maji ya mishipa na kupimwa damu kila mara. Halafu kuna wanaoacha matibabu katikati kwa kukosa nauli na hela za hospitali. Tafiti za magharibi mwa Kenya zimeonyesha kwamba mtoto mwenye bima ana nafasi nzuri zaidi ya kukamilisha matibabu na kuishi. Tangu Oktoba 2024, mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, swali la mzazi limebaki lilelile: je, kadi itafanya kazi asubuhi hii mtoto akiwa kitandani? Kwa Burkitt, kungoja idhini kwa wiki moja ni kungoja uvimbe uwe mara kadhaa ya ulivyokuwa.

Nimesema virusi hatuna namna ya kuvizuia leo, na hapa kulinganisha na saratani ya mlango wa kizazi kunasaidia. Ile nayo huletwa na virusi, vya HPV, na chanjo ipo. Kisumu ilikuwa miongoni mwa vituo vitatu, pamoja na Thika na Nairobi, vya utafiti wa KEN SHE uliowashirikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Ulionyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja tu ya chanjo ilizuia maambukizi kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Huo ni mfano wa damu ya watu wa Kisumu kubadilisha sera ya dunia nzima, tena haraka. Kwa Epstein-Barr chanjo bado ziko kwenye majaribio ya awali. Hadi zitakapopatikana, mpini tulio nao mkononi ni malaria.

Na mpini huo unatuponyoka. Kazi iliyofanyika si haba: kwa vipimo vya kitaifa, watoto wenye vimelea damuni katika kanda ya ziwa walishuka kutoka asilimia 27 mwaka 2015 hadi 19 mwaka 2020. Lakini wastani wa taifa mwaka 2020 ulikuwa asilimia 6, na sehemu kubwa ya neti, dawa na unyunyiziaji wa dawa ya mbu majumbani ilitegemea fedha za nje, hasa mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria ulioanzishwa mwaka 2005. Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa agizo moja. Mei mwaka huohuo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatangaza kwamba hazitatoa ruzuku mpya zenye mgao wa washirika wa nchi za nje mpaka utaratibu mpya uwekwe. Utafiti wa Kisumu niliousimulia ulitegemea kwa kiasi kikubwa ruzuku za aina hiyo. Kwa mwaka mmoja, basi, kinga ikatikiswa, na pia macho ya kuona madhara ya kutikiswa kwake.

Madhara hayo hayataonekana kesho. Mtoto aliyelala bila neti akiwa na miezi mitano atafika wodini miaka mitano au sita baadaye, na hakuna mtu wa bajeti atakayeunganisha mambo hayo mawili. Ndiyo maana nasema serikali za kaunti na Wizara ya Afya ziache kusubiri wafadhili warudi. Neti na vidonge vya wajawazito vilipiwe kwa fedha zetu wenyewe, na katika kaunti za ziwa fedha hizo ziandikwe pia kwenye mpango wa saratani, ili anayezikata alazimike kujibu hoja mbili, ya malaria na ya saratani, si moja. Wahudumu wa afya ya jamii, wale takriban 100,000 waliopewa mikoba mwaka 2023, wafundishwe jambo moja dogo: meno ya nyuma yaliyolegea pamoja na shavu lililojaa ni safari ya hospitali ya rufaa leo hii, hata kama boda boda itabidi ikopwe.

Kuna jingine ambalo lazima lifanyike sasa, kwa sababu muda wake ukipita haurudi. Septemba 2019 chanjo ya malaria, RTS,S, ilizinduliwa Homa Bay na kuanza kutolewa katika kaunti nane za magharibi, pamoja na Kisumu, kwa watoto wa kuanzia miezi sita. Baadhi ya kaunti ndogo zilianza mara moja. Nyingine ziliachwa za kulinganishia, zikapata chanjo kuanzia Machi 2023. Ghana na Malawi, ambazo nazo ziko kwenye ukanda wa Burkitt, zilifanya vivyo hivyo. Tathmini ilionyesha kwamba vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Sasa piga hesabu: mtoto aliyechomwa sindano ya kwanza Homa Bay mwezi ule wa uzinduzi alitimiza miaka sita mwaka 2025, na miaka sita ndiyo kilele cha Burkitt. Watoto wa kaunti ndogo zilizotangulia na wale wa zilizochelewa wanaingia umri huo wakiwa wametofautiana kwa chanjo tu, kwa bahati nasibu ya ratiba. North Mara haikuwahi kuwa na jaribio safi kama hili.

Burkitt ni adimu, kwa hiyo Kenya peke yake haitakuwa na wagonjwa wa kutosha kutoa jibu. Itabidi hesabu iunganishwe na ya Ghana na Malawi. Na chanjo inaanza miezi sita, wakati theluthi ya watoto wa Kisumu wameshapata virusi, kwa hiyo huenda ikazuia sehemu tu. Bado inawezekana kujua, na kwa gharama ndogo. Eldoret ina sajili ya saratani tangu mwaka 1999. Kisumu ina wataalamu na wodi. Kila mtoto anayethibitishwa kuwa na Burkitt, kuanzia mwezi huu, muuguzi anayemsajili aombe kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, afungue ukurasa wa chanjo, na aandike kwenye faili mambo matatu: dozi ngapi za malaria, tarehe zake, na kaunti ndogo alikozaliwa.